Nani Hapa Anajua Kuhesabu

Phnom Penh, baada ya vita

Kijana mwenye daftari aliuliza mara ya tatu:
"Nani hapa anajua kusoma na kuhesabu?"
Tulikuwa mia mbili na ushei kwenye uwanja wa shule,
kimya, hata nzi ukamsikia akibadili bega.
Si kwamba hatukujua.
Aliyeuliza hivyo mara ya mwisho
naye alikuwa na daftari,
na walionyoosha mikono
walipakiwa kwenye lori, wakaimbiwa.
Tangu siku ile mikono yetu ni mizito.

Mimi, Prum Vannareth, karani wa amana miaka kumi na mmoja,
niliwaapia wale wa kwanza
kwamba kazi yangu ni kugema mivumo.
Miwani niliizika chini ya banda la nguruwe.
Miaka minne nikauona ulimwengu kwa ukungu,
na siku nyingine nikashukuru.

"Mshahara ni mchele," akasema kijana.
"Makopo arobaini kwa mwezi."
Njaa haina adabu:
mkono wangu ulikwenda juu kabla sijaupa ruhusa.

Basi serikali, kwa upande wetu, ilizaliwa hivyo.
Wizara ilikuwa mlango uliong'olewa
ukalazwa juu ya matofali.
Benki Kuu tuliikuta imepasuliwa tumbo,
noti zimezagaa njiani kama majani ya kiangazi,
haziwezi kununua hata kitunguu.
Bibi Sophoan alizikusanya kwa pakacha, akawashia jiko.
Alisema ya mia tano huwaka vizuri kuliko ya mia.
Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya uchumi niliyopokea kazini.

Kopo la maziwa, tupu, ndilo lililokuwa fedha yetu.
Sindano ya kushonea: kopo moja la mchele.
Kitambaa cha kiunoni: thelathini.
Baiskeli isiyo na breki: mia mbili, na matusi juu.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
lakini kwanza mkubaliane kibaba ni kipi,
maana wajanja waliligonga kopo kitako
likameza konzi nzima pasipo mtu kuona.
Watu walishikana mashati.
Usiku, kwa kibatari, nikaandika sheria yangu ya kwanza:
*Kopo la kupimia lisiwe limebonyea.*
Nikaisoma sokoni, sauti ikitetemeka.
Mzee mmoja alicheka. Nadhani alikuwa amesahau namna,
kwa sababu ilitoka kama kikohozi.

Kwenye daftari la watumishi palikuwa na safu:
*Kazi ya zamani.*
Ungedhani nchi nzima iliishi kwa kugema na kuvua.
Bi Kanitha aliandika: muuza mboga.
Wiki ya tatu, akipita na ndoo ya maji nyuma yangu,
akasema bila kusimama, "Umesahau kubeba moja."
Nikageuka. Alikuwa anaangalia dirisha.
Hatukusemezana siku mbili.
Siku ya tatu nikakuta "muuza mboga" imekatwa,
na chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa:
mwalimu wa hesabu.
Nilichimbua miwani yangu mwezi ule.
Kioo kimoja kilikuwa kizima.

Kisha noti mpya zikaja, kwa lori.
Tulipolisikia, nusu ya ofisi ikakimbilia uani.
Noti zilinukia wino, hazina mkunjo,
na hakuna aliyezitaka.
Nikachukua moja ya mshahara wangu
nikaenda nayo kwa Bibi Sophoan.
Aliinua juani, akainusa, akaikunja, akaikunjua.
"Hii itawaka?"
"Itawaka."
"Na nisipoiwasha?"
Sikuwa na jibu. Hakuna aliyenifundisha jibu hilo benki.
Akanitazama kwenye kile kioo kimoja, muda mrefu,
kisha akasukuma vitunguu viwili upande wangu,
akaanza kunirudishia chenji,
akihesabu kwa sauti, mbele ya soko zima,
mkono umeinuliwa.